Alichokiacha Bahija Mjini Fez

Kwanza ilikuwa chumvi. Ghita alionja supu, akatazama huku na huku mezani, hakuona kikopo.

"Lalla Batul, samahani, naomba chumvi."

Mwenye nyumba ya wageni waliyofikia, mama mnene aliyejipaka hina mpaka viwikoni, alicheka. "Humu ndani chumvi haiingii, Ghita wa Zohra. Kula hivyo hivyo, utazoea."

Ghita akala. Baadaye, wakipanda ngazi kwenda kulala, alimnong'oneza dada yake, "Wewe umemwambia jina la Mama?"

"Labda. We naye! Umekuja kutembea au kupeleleza watu?" Bahija akamkumbatia, na Ghita akasahau yote.

Maana Bahija alikuwa hamkumbatii mtu tena. Tangu mimba yake ya kwanza iharibike, na zilizofuata nazo zikaharibika, alijifungia kwake Kasablanka, simu hapokei, sikukuu haji. Kisha ghafla akampigia mdogo wake. "Omba ruhusa hapo duka la dawa. Twende Fez tukatembee, mimi na wewe tu, kama zamani." Ghita alilia kwa furaha mbele ya wateja.

Asubuhi ya Ijumaa walizunguka mji mkongwe wakishikana mikono. Walisimama juu ya paa la watengeneza ngozi, majani ya nanaa puani kukinga uvundo, wakawatazama wanaume waliozama mpaka mapajani kwenye mashimo ya rangi. Walibanana ukutani kupisha punda. Muuza viatu mmoja alimsimamisha Ghita.

"Binti, chukua hizi ndara za njano. Mumeo akiziona hatoki tena nyumbani."

"Sina mume, mzee."

"Basi chukua jozi mbili, mume atakuja kuulizia ya pili!"

Bahija alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha Ghita akaona kwamba hacheki tena, analia.

"Vumbi tu," Bahija alisema, akijifuta.

Waliporudi walikula kuskusi, nayo haikuwa na chumvi. Maduka yalikuwa yamefungwa kwa sala na kichochoro kimekuwa kimya. Bahija alifungua begi, akatoa kaftani ya kijani yenye nyuzi za dhahabu.

"Vaa nikuone."

"Dada, si ndiyo ya harusi yako hii?"

"Nimekupa. Sema umeipokea."

"Jamani, asante sana."

"Usiseme asante. Sema, nimeipokea."

"Haya, nimeipokea! Una nini leo?"

Lalla Batul, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitikisa kichwa kukubali na kuondoka.

"Huko nyuma kuna hamamu ya kale, bafu la mvuke," Bahija alisema bila kumtazama. "Vigae vyake ni vizuri ajabu. Kapige picha kabla jua halijahama."

Ghita alienda na simu yake. Hamamu ilikuwa na joto, ingawa hakuna aliyewasha moto. Maziwa yalikuwa yamemwagwa kwenye mfereji wa sakafuni, na pembeni ulilala msuko wa nywele nyekundu za asili ambazo hakuna mwingine katika ukoo wao aliyekuwa nazo ila Bahija. Mlango ukajifunga nyuma yake. Kitasa kikalia kwa nje.

"Dada?"

"Nisamehe," Bahija alisema upande wa pili. "Ghita, nisamehe."

Ndipo ikaja harufu, ya manyoya ya mbuzi yaliyolowa, kisha mlio wa bangili, taratibu, kama mwanamke anayejipaka mafuta bila haraka, na chini ya mlio huo kitu kigumu kikigonga vigae, kikisimama, kikigonga tena, kikisogea kutoka kwenye kona ambayo mwanga wa dirisha la paani ulikuwa ukiifikia vizuri kabisa na ambayo Ghita alikuwa akiiona ni tupu, tupu kabisa, huku pumzi ya moto ikiwa imeshafika shingoni mwake.

"Ghita wa Zohra," sauti ikasema, na ilikuwa sauti ya kike, iliyochoka.

Ghita alibonyeza simu, akakosea namba. Mwishowe mama yake akapokea.

"Mama! Dada kanifungia, humu ndani kuna kitu, Mama, mpigie—"

Alisikia televisheni ya nyumbani ikipunguzwa sauti.

"Mwanangu," Zohra akasema chini chini, "umeshasema umeipokea?"

"Mama?"

"Dada yako angekufa, Ghita. Tangu akiwa binti mdogo ana huyo jini. Wewe una nguvu. Utaweza kumbeba."

Simu ikakatwa. Haikukatwa na jini.

Walipomfungulia, Bahija alikuwa amependeza kuliko siku ya harusi yake, ngozi inang'aa, mabega yamenyooka kama aliyetua mzigo. Walirudi Kasablanka kwa treni.

Tangu hapo bangili zililia nyuma ya rafu za dawa mchana kweupe. Watoto walioletwa dukani walitazama bega la Ghita na kupiga mayowe, mpaka mama zao wakaacha kuja. Hakupokea simu za nyumbani, ila moja tu, na mama yake akaongea haraka haraka, kwa sauti ya kujipendekeza. Bahija alikuwa na mimba. Safari hii imeshika.

Ghita alifunga safari mpaka Sale, kwa mganga mmoja, Mama Tamu. Bibi yule alimfukiza ubani, akapiga ngoma kidogo, akasikiliza.

"Chumvi wanayoikimbia majini haimtoshi huyu, ila anapungika," alisema. "Lakini hana kwao kwingine. Nikimtoa atarudi alikotoka. Dada yako ana mimba?"

"Tumbo limeshaonekana."

"Basi safari hii atawakuta wawili."

Ghita alikumbuka kitasa. Alikumbuka televisheni ikipunguzwa sauti ili mama yake amsikie vizuri.

"Mtoe," alisema.

Mama Tamu akainua ngoma. Chumba kikapata joto, harufu ya mbuzi ikajaa, bangili zikaanza kulia kwa kasi, na Ghita akahisi uzito ukibanduka mgongoni pake, akahisi ule wepesi alioutamani, na ndani ya wepesi huo akamuona mtoto asiyemjua amelala gizani, hajui lolote. Akaikamata ngoma kwa mikono miwili.

"Acha, Mama. Acha. Yule hajanikosea."

Uzito ukarudi mahali pake.

Alitoka nje. Mtoni watu walikuwa wakivuka kwa mitumbwi, jua kali, vijana wanataniana. Alitembea akilia waziwazi. Kisha kando ya sikio lake ile sauti ikasema, kwa mara ya kwanza kwa upole, karibu kwa huruma:

"Wewe umefikiri sana, Ghita. Dada yako nilipomuuliza anipe nani, alitaja jina lako kabla sijamaliza kuuliza."