Kichwa Kilimwelekea Siufan

Haya niliambiwa na Kendi mwenyewe, mjukuu wa dada yangu, Jumamosi ya juzi tukichambua sukuma jikoni kwangu Erdington, huku ughaibuni.

Yote yalianza sokoni mjini, kwa muuza samaki, watu wakisukumana. Kendi alikuwa ametoka zamu ya usiku hospitalini, koti la njano juu ya sare. Alishika samaki mkiani, kumbe kijana wa Kichina ameshamshika kichwani.

"Chukua mwili, niachie kichwa," kijana akasema.

"Kichwa ni changu! Huku watu hutupa vichwa, wewe umetoka wapi?"

"Northfield, hapa hapa mjini. Nikirudi bila kichwa, nyanya atanifukuza."

Jina lake Chun, fundi wa umeme, ana vishimo mashavuni.

"Nilidhani Wachina wote ni madaktari," Kendi akamchokoza.

"Na mimi nilidhani Wakenya wote hukimbia. Mbona wewe umesimama hapa kama nguzo?"

Wakakatiwa samaki, kichwa akapewa Chun, wakapeana namba za simu. Jioni hiyo hiyo simu ikalia. "Umelala, mpenzi?" Neno hilo la Kiswahili Chun alikuwa amelitafuta mwenyewe.

Mwaka Mpya wa Kichina ulipofika, Chun akamwalika kwao chakula cha mchana. Kendi alitoka zamu, hakupata hata lepe la usingizi, akavaa gauni jekundu la satini. Mlangoni akakutana na gauni jingine jekundu. Ndani yake alikuwa Siufan, mfamasia, mwembamba, nywele zinang'aa. Alialikwa na Aunti Pui, dada wa mama yake Chun.

"Siufan ana nyumba yake," Aunti akatangaza. "Na wewe unatunza wazee?"

"Ni nesi wa watoto, Aunti."

"Mm. Umenenepa vizuri."

Samaki mzima akaletwa. Chun alishamwambia Kendi kwamba kichwa humwelekea anayeheshimiwa kuliko wote. Kikamwelekea Siufan. Chun akamtilia Siufan minofu, akammiminia chai. Kendi akajipakulia mwenyewe kwa wivu. Halafu Popo, ndivyo Chun anavyomwita nyanya yake, akamgusa bega, akampeleka jikoni, akamfunga aproni na kumkabidhi sufuria kubwa nyeusi aoshe.

Popo aliporudi mezani, Kendi akampigia rafiki yake Wambui.

"Wambui, wameniweka kwa sinki! Wameona mtu mweusi, wakaona hausigeli."

"Wee! Vua hiyo aproni utoke. Na Chun?"

"Anammiminia mwenzangu chai!"

Chun akaingia. "Mpenzi, uko sawa?"

"Usiniite mpenzi. Nikimaliza sufuria hii naenda, na usinipigie tena."

"Yule ni mgeni wa Aunti. Nisipomhudumia—"

"Na mimi je?"

Kabla hajajibu, Siufan akaja na bakuli za kuosha. Popo akamfuata mbio, akamnyang'anya zote, akamsukuma kwa kiwiko hadi mezani, akifoka kwa Kichina. Aunti Pui naye akafoka kutoka huko mezani.

"Wanasema nini?" Kendi akauliza.

Uso wa Chun uliiva. "Popo anasema mgeni akishika vyombo ni aibu ya nyumba. Aunti anauliza, mbona Mwafrika ameshika?"

"Popo akajibu nini?"

"Kwamba huyo si mgeni."

Kendi akabaki na sponji mkononi. Kwao Meru, mama yake hawezi kumwachia mgeni aoshe hata kikombe. "Nilijua hivyo tangu utoto," aliniambia, "wivu ukanipofusha."

Siufan akachungulia. "Jamani, nipeni hata kijiko nioshe. Aunti anataka kunioza, na mimi nina mpenzi wangu, Harjit, kule Sparkhill. Mama hajui!"

Kendi akacheka mpaka povu likamrukia puani. Siufan alipoitwa tena mezani, Chun akachukua taulo.

"Kwa hiyo ukimaliza sufuria unaenda?"

"Si nilisema?"

"Basi usimalize. Ziko nyingi. Tuoshe hadi tuzeeke."

"Unanioa au unaniajiri?"

"Nakuoa."

"Weka taulo chini, uniulize vizuri."

Akaliweka, akauliza vizuri. Akajibiwa.

Aunti Pui aliondoka bila kumuaga Kendi. Kichwa cha samaki kilirudi jikoni hakijaguswa, maana Siufan hawezi kula kitu kinachomtazama. Popo akakigawa mara mbili, nusu yake, nusu ya Kendi, wakanyonya mifupa. Kisha usingizi ukamshinda Kendi kwenye kochi, aproni bado kiunoni. Chun akalala ameegemea bega lake. Popo akawafunika blanketi, akapunguza sauti ya televisheni, akakaa kuwatazama, hadi kidevu chake nacho kikaangukia kifuani.