Kabureta Nne

Aliyenieleza haya ni rafiki yangu, mpima ardhi asiyekubali dai lolote bila ushahidi. Mita ya pikipiki yake kuukuu ya mashindano ilikuwa imeongeza kilomita tisini ikiwa imefungiwa stoo. Kwa hasira alimshuku shemeji yake, fundi mwenye ufunguo wa pili. Akamnyang’anya ufunguo, akazing’oa kabureta zote nne, ambazo bila hizo injini haiwaki, akalala nazo chumbani.

Asubuhi akamburuta fundi hadi mlangoni. “Kama mita haikusogea usiku huu ulipokosa ufunguo, mwizi ni wewe, na kwangu hukanyagi tena!”

“Shemeji, fungua kwanza, utanimeza baadaye.”

Akafungua. Stoo haina dirisha. Gizani, injini ilikuwa ikilia ti… ti… ti, kama chuma kinavyolia kikipoa baada ya safari ndefu.