Mandazi Apata Mafua

Miaka mitano ilikuwa imepita tangu vita viishe, na watu wa Kampala walikuwa wamerudia kazi zao. Kasereka aliuza vitenge Mengo. Mke wake, Kahambu, alifanya kazi katika kituo kidogo cha wanyama kule Luzira. Kazi yake ilikuwa kumlea Mandazi.

Mandazi alikuwa mtoto wa sokwe. Wawindaji walimuua mama yake, naye akaletwa kituoni akiwa mdogo sana. Siku ya kwanza alimpokonya Kahambu andazi mkononi, akalinyonya mpaka likalowa. Jina likapatikana hapo hapo. Tangu siku hiyo Kahambu alimbeba kifuani kwa kitenge, akamnywesha maziwa kwa chupa, akamkemea alipomvuta nywele. Jumapili watu walikuja kituoni kumwona Mandazi tu.

Siku moja binti yao, Marlène, alitoka shuleni na mafua. Baada ya siku mbili Kahambu akaamka koo linamwasha.

"Leo pumzika," Kasereka alimwambia.

"Nipumzike? Mandazi hapokei chupa kwa mtu mwingine. Haya ni mafua tu."

Akaenda kazini.

Siku ya tatu baada ya hapo Mandazi alianza kukohoa. Siku ya nne alikataa maziwa. Alijilaza kifuani pa Kahambu, kifua kikimkoroma, macho mazito. Kahambu alikimbia kumwita Safinah, daktari wa wanyama.

Daktari alimpima Mandazi kifua. Kisha akamtazama Kahambu.

"Mama Marlène, nyumbani kwako kuna mtu mwenye mafua?"

"Mtoto alikuwa nayo. Na mimi kidogo. Lakini, Daktari, huyu ni mnyama! Mafua ya watu yatampataje?"

"Mwili wa sokwe unafanana sana na wetu," Safinah alisema. "Ukikohoa au ukipiga chafya, ugonjwa unatoka nje. Unapita hewani, unakaa mikononi, unamfikia. Wewe utapona kwa siku chache. Yeye mwili wake haujazoea mafua yetu. Yanaweza kushuka kwenye mapafu yakamuua."

Kahambu alijifunika mdomo kwa kiganja. "Kumbe ni mimi niliyemwambukiza?"

"Hukujua. Sasa umejua. Mimi nitampa dawa. Wewe nenda nyumbani, upone kabisa."

"Na maziwa atampa nani?"

"Ogwal."

Ogwal alikuwa mtunzaji wa swala wa kituo, mtu mrefu mwenye sauti nzito. Alinawa mikono kwa sabuni, akajifunga kitambaa safi mdomoni na puani, akaleta chupa. Mandazi alipiga kelele, akageukia ukutani.

Kahambu alipopata habari hiyo alilia. Kisha akafikiri. Alikifua kitenge chake cha kumbebea Mandazi kwa maji moto na sabuni. Kilipokauka juani, alimpa Kasereka akiache langoni kwa kituo.

"Mwambie Ogwal akivae."

"Ogwal avae kitenge cha maua?"

"Akivae, Baba Marlène!"

Ogwal alikivaa. Wenzake walicheka mpaka machozi yakawatoka. Lakini Mandazi aliyashika yale maua aliyoyajua, akaning'inia kifuani pa Ogwal, akafungua mdomo. Alikunywa nusu chupa. Kesho yake akamaliza chupa nzima na kutaka nyingine.

Kahambu alirudi kazini kikohozi kilipokwisha kabisa. Kwanza alinawa mikono na kujifunga kitambaa. Mandazi alimrukia shingoni, akakivuta kitambaa kuona kama ni yeye kweli. Kahambu alikifunga upya huku akicheka.

Tangu hapo kituo kiliweka sheria: mwenye mafua haingii kwa sokwe, na wageni husimama mbali.

Mwaka uliofuata mafua yalienea tena mjini. Kituoni hakukohoa sokwe hata mmoja. Mandazi alikuwa amekua, na sasa aliishi na sokwe wenzake. Jumapili moja Kasereka alikuja kumtazama. Alipofika langoni akapiga chafya.

Kahambu alinyoosha mkono kumzuia. "Rudi nyumbani."

"Hata mimi, mume wako?"

"Hata wewe. Ukipona, karibu sana."

Kasereka alitikisa kichwa, akacheka, akageuka kwenda zake. Kahambu alifunga lango. Mandazi alikuwa mtini, akikimbizana na wenzake tawi hadi tawi.