Usibonyeze Moja

Kila Jumapili, saa nne kasoro asubuhi, mke wa seremala hufunika cherehani yake kwa kitambaa. Hunawa mikono kwa sabuni na kuipaka mafuta. Kisha hukaa mezani, huegemeza simu kwenye kopo la vifungo, na kungoja.

Wengine hujipamba uso kabla ya simu ya video. Yeye huandaa mikono, kwa sababu mikono ndiyo itakayoongea.

Binti yao wa mwisho ni kiziwi tangu utotoni. Nyumbani wanamwita Kitinda. Alisoma, akajifunza kuoka mikate, akaolewa, na sasa anaishi mji wa mbali, safari ya siku mbili. Simu ya kawaida haimfai kitu. Ujumbe wa maandishi anaandika vizuri, lakini mama yake alijifunza kusoma ukubwani, na kila neno humchukua muda. Kwa mikono ni habari nyingine. Kwa mikono hao wawili hupiga soga mpaka wapita njia huchungulia dirishani.

Wana ishara walizofundishwa shuleni kwa Kitinda, na wana zao za nyumbani, ambazo hakuna mwalimu anayezijua. Baba ni kupangusa vumbi la mbao kidevuni. Mama ni kuuma uzi: unaleta vidole mdomoni, unang'ata, unavuta.

Kwa ajili ya Jumapili hizo walifunga intaneti ya nyumbani. Kisanduku chake cheupe kinakaa juu ya kabati. Taa ya kijani ikiwaka, Kitinda yuko nyumbani. Na tangu mwaka jana haji peke yake. Anakuja amempakata mtoto wa kike.

Jumapili moja taa ilikuwa nyekundu.

"Baba Kitinda! Hiki kisanduku kimekasirika."

Seremala alitoka karakana na randa mkononi. Huyu mzee ni mpole kama maji ya mtungini. Mtaani wanamwita Mzee Samahani, kwa sababu ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Alikitazama kisanduku, akakizima, akakiwasha. Nyekundu. Akapiga simu huduma kwa wateja.

Sauti iliyorekodiwa ikamwambia kuwa simu yake ni muhimu sana. Kisha ukaja muziki. Sijui ni nani aliyeuchagua muziki ule, lakini naamini hajawahi kuungoja. Dakika arobaini zilipita. Hatimaye akaja binti mwenye sauti tamu.

"Habari za asubuhi, mzee wangu? Za nyumbani?"

"Nzuri, mwanangu. Wewe hujambo? Kazi inakwendaje?"

"Tunamshukuru Mungu. Nikusaidie nini?"

Mzee akaeleza. Binti akamwambia azime kisanduku, ahesabu mpaka thelathini, awashe. Akahesabu kwa sauti, polepole, kama anavyohesabu misumari. Nyekundu.

"Basi fundi atafika ndani ya siku mbili, mzee wangu. Kuna lingine naweza kukusaidia?"

"Hapana, mwanangu. Ubarikiwe."

Papo hapo simu ikalia. Ulikuwa ujumbe mfupi: *Je, tatizo lako limekwisha na umeridhika? Bonyeza 1 kwa ndiyo, 2 kwa hapana.* Mzee Samahani akabonyeza moja.

Fundi hakufika. Si baada ya siku mbili, wala baada ya sita. Mzee akapiga tena, akasikiliza muziki tena, akahesabu thelathini tena. Kila mara alipokewa na mtu mwingine, na kila mara hadithi ilianza upya, kana kwamba taa ile ilikuwa imewaka nyekundu asubuhi hiyohiyo.

Walijaribu kwa bando la simu. Ndani ya nyumba ile mtandao ni hafifu. Picha iliganda. Kitinda akabaki ameinua mkono mmoja hewani, na mkono ulioganda hausemi neno.

Jumapili ya tatu mama hakunawa mikono. Alikaa kwenye cherehani akishona pindo la suruali ambalo halikuwa na haraka yoyote.

"Subira huvuta heri, mke wangu," mzee akasema.

"Huvuta heri. Waya hauvuti."

Kitinda alituma kipande kifupi cha video. Mtoto alikuwa amesimama, ameshikilia kiti, anacheka. Mama alikitazama mara nyingi. Mara ya kwanza alisahau, akampungia mkono. Lakini video haipungi. Akaushusha mkono wake, akauweka mapajani, akautazama kama kitu alichorudishiwa na mtu.

Kisha ukaja ujumbe wa maandishi. Aliusoma kwa kidole, neno moja baada ya jingine. *Mama, mtoto ameanza kusema kwa mikono. Ana neno moja. Silirekodi. Nataka ulione mwenyewe, na mimi niuone uso wako.*

Aliusoma mara tatu. Alimtamani sana mtoto yule. Watoto wadogo hawangoji. Leo ana neno moja, kesho kumi, na bibi asiyeonekana hana pa kukaa katika hayo kumi.

Jumatano yake jirani alileta gauni la kupunguzwa kiuno. Jirani huyu mtaani ni Mama Daftari. Kabla ya kustaafu alikaa miaka ishirini na miwili kwenye dawati la malalamiko la kampuni ya maji, na mpaka leo huandika hata siku aliyonunua ufagio. Alimkuta mwenzake ameshika mkasi, hakati.

"Una nini, mwenzangu?"

Akaambiwa yote: taa, muziki, thelathini, neno moja la mtoto. Mama Daftari akavaa miwani.

"Shemeji!" akaita kuelekea karakana. "Njoo na simu yako. Namba ya lalamiko ni ipi?"

Mzee Samahani akaja, akipangusa kidevu. "Namba gani?"

"Ukilalamika, kampuni lazima ikupe namba. Bila namba, kila ukipiga wewe ni mgeni. Lete nione."

Akafungua ujumbe wa simu ya mzee. Akasoma kimya. Kisha akasoma kwa sauti.

"*Lalamiko lako limefungwa. Asante kwa kuridhika.* Na hili hapa: limefungwa. Limefungwa. Yapo matano, shemeji. Yote yamefungwa."

"Na nani?" mzee akauliza.

"Na wewe. Ulibonyeza moja."

Mke akamgeukia mumewe taratibu.

"Baba Kitinda. Uliridhika?"

"Sikuridhika." Mzee akashika shingo. "Lakini yule binti alinisalimia vizuri. Wa pili alikuwa na mafua, masikini. Wa tatu aliniita babu. Nikibonyeza mbili, je, wakimfukuza kazi? Mtoto wa watu..."

"Na mtoto wangu mimi?" mke akasema. Hakupaza sauti. "Wiki tatu nzima sijaisikia mikono ya mwanangu. Umenifungia mlango, kwa upole wako."

Mzee akafumbua mdomo aseme samahani. Kwa mara ya kwanza maishani neno lile lilimkwama.

Mama Daftari akavuta kigoda. "Msigombane. Mimi nimekaa upande wa pili wa simu. Nisikilizeni. Yule binti hana waya, hana ngazi. Kazi yake ni kuandika. Ukibonyeza moja, kwenye karatasi za wakubwa wake nyumba hii ina intaneti na watu wanacheka. Fundi aje kufanya nini? Ukibonyeza mbili, humchongei. Unampa sauti. Wakubwa wanaona kuwa yeye aliandika, ila fundi hakutumwa. Mimi nilikuwa nawapenda waliosema hapana kwa adabu. Hao ndio walionifanya nisikilizwe."

"Kumbe," mzee akasema.

"Mali bila daftari hupotea bila habari. Malalamiko vilevile. Chukua daftari la shule. Kila ukipiga, andika tarehe, saa, jina la aliyepokea, namba ya lalamiko, na alichoahidi. Mwombe akutumie namba kwa ujumbe. Siku aliyoahidi ikipita, usianze upya. Taja namba ileile, uombe kuongea na msimamizi. Akishindwa naye, andika barua kwa kampuni, weka nakala yako."

"Wakinyamaza?" mke akauliza.

"Ipo mamlaka ya serikali inayosimamia kampuni za simu na intaneti. Kupeleka lalamiko kwao ni haki yako. Lakini huanzi huko. Watakuuliza kwanza, kampuni ilikujibu nini? Hapo ndipo unapofungua daftari."

Walipiga palepale. Mke aliandika, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza ukubwani. Mzee aliongea. Salamu hakuacha, na Mama Daftari alimwacha asalimie. Kusalimia si kosa.

"Zima kisanduku, mzee wangu, uhesabu mpaka..."

"Samahani, mwanangu. Nimehesabu mara nyingi. Sasa naomba namba ya lalamiko, na jina lako, tuandike."

Kisha namba ikaja, na jina, na ahadi: Ijumaa.

"Kuna lingine naweza kukusaidia, mzee wangu?"

Alimtazama mkewe. "Mwanangu," akasema, "lile la kwanza bado."

Mama Daftari akaziba mdomo asicheke. Ujumbe ulipoingia, dole gumba la mzee lilizunguka juu ya simu muda mrefu. Mtu angedhani anaambiwa akate kidole. Akabonyeza mbili.

Ijumaa fundi hakuja. Jumamosi asubuhi mzee alitaja namba ileile, akaomba msimamizi. Msimamizi akasema atafuatilia. Jumatatu wakaandika barua ya ukurasa mmoja. Haikuwa na tusi hata moja. Ilikuwa na tarehe, namba, majina, ahadi, na mstari wa mwisho: *Tusipopata fundi ndani ya siku saba, tutapeleka lalamiko hili kwa mamlaka husika.* Mzee aliipeleka ofisini kwao mwenyewe, akagongewa muhuri kwenye nakala.

Alhamisi saa tano asubuhi, pikipiki ilisimama mlangoni. Fundi alishuka na ngazi. Hakukigusa hata kisanduku. Alitazama nguzo ya barabarani, akapanda, akashuka na kipande cha waya.

"Waliopogoa miti waliukata," akasema. "Lini hiyo?"

Mke akafungua daftari. "Taa ilibadilika siku hii hapa."

Fundi akasoma, akatikisa kichwa. "Mngezima na kuwasha mpaka kiama."

Baada ya dakika ishirini alikuja na karatasi. "Imekwisha. Mzee, niwekee sahihi hapa."

Mzee Samahani alikuwa ameshashika kalamu. Akasita. Akageuka kumtazama mkewe.

"Samahani, fundi," akasema. "Subiri kwanza. Anayejua kama imekwisha ni yule."

Juu ya kabati taa ilikuwa ya kijani. Lakini mke hakuitazama taa. Alikuwa jikoni ananawa mikono. Aliipaka mafuta, akakaa, akaegemeza simu kwenye kopo la vifungo. Haikuwa Jumapili, wala hawakuwa wamepanga kuongea. Simu ikaita na kuita. Fundi akahamisha uzito wake kutoka mguu huu kwenda ule.

Kitinda akatokea. Unga ulikuwa umemjaa mpaka kwenye nyusi. Alipomwona mama yake aliacha kila kitu, akatoka mbio kwenye picha. Kiti kikabaki kitupu. Kisha akarudi na mtoto mkononi, akamkalisha mbele ya kioo cha simu, akamwonyesha kwa kidole: tazama.

Mtoto akatazama. Alimtazama bibi yake muda mrefu, kwa uso wa mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali. Mama hakujongea. Alikuwa anaogopa. Mwezi na siku zake ni mrefu sana kwa mtu wa miezi kumi na minne.

Ndipo mtoto akainua kijimkono kinene, akakipeleka mdomoni, akang'ata vidole, akavuta.

Kuuma uzi.

Mama alitaka kujibu. Aliinua mikono yake, ile aliyoiosha na kuipaka mafuta, na mikono ikakosa la kusema. Aliishikilia hewani tu, machozi yakimshuka. Upande wa pili Kitinda aliuona uso wa mama yake. Naye akalia, machozi yakamchora mistari kwenye unga. Mtoto aliona neno lake limefanya kazi kubwa, akalirudia. Akalirudia tena.

Simu ya mzee ikalia mfukoni. *Je, tatizo lako limekwisha na umeridhika?*

Fundi akakohoa. "Mzee wangu, sahihi. Nina nyumba nyingine nne."

"Samahani, mwanangu," Mzee Samahani akasema, na safari hii alikuwa anatabasamu. Alimgusa mkewe begani. "Mama Kitinda, wanauliza. Niwaambieje?"

Mkewe hakugeuka. Mkono wake mmoja ulikuwa unauma uzi, unauma uzi, unauma uzi. Kwa ule wa pili alinyoosha kidole kimoja.

Mzee akabonyeza moja.