Mkanda wa Paja la Kushoto

Kila asubuhi ya likizo shangazi yangu alifungua banda la ndege na kuweka benchi chini ya boriti. Hapo ndipo alipowafundisha wanaoanza kuruka kwa mwavuli. Mwanafunzi alivaa mikanda, akafungwa kwenye kamba za boriti, benchi likaondolewa, naye akabaki ananing'inia kana kwamba yuko angani. Sisi wa klabu ya shule hatukuwa na umri wa kuruka, lakini watakaofaulu mtihani wangepanda ndege kesho yake kuwatazama warukaji. Nilikuwa sipati usingizi kwa hamu.

Sheria ilikuwa moja: hapandi mtu benchi kabla mwenzake hajamkagua mikanda yote. Ukidanganya, mnatolewa wote wawili.

Mwenzangu alikuwa Kicheko, msichana asiyejua kununa. Siku ya mtihani alianza kunikagua taratibu, mkanda wa kifuani kwanza.

"Achana nayo," nikamwambia. "Nimeshajifunga mara ishirini. Utatufanya tuwe wa mwisho bure."

"Haya bwana. Ndiyo maana wanakuita Chapchap."

Nikapanda benchi.

"Umekaguliwa?" shangazi akauliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

Akaondoa benchi.

Mkanda wa paja la kulia ulinibana. Wa kushoto haukubana hata kidogo. Nilikuwa nimesahau kuufunga. Nikaanza kuteleza upande mmoja, na mkanda wa kifuani ukapanda mpaka kidevuni. Nikashikilia kamba kwa mikono yote miwili, jasho likinitoka.

"Tazama juu!" shangazi akaamuru, mtihani ukaanza. "Mwavuli umejisokota. Unafanya nini?"

Jibu nililijua vizuri: unavuta kishikio cha kulia kuuachia mwavuli mbovu, kisha cha kushoto kufungua ule wa akiba. Lakini nikiachia mikono, nateleza. Nikisema kweli, Kicheko anatolewa kwa sababu yangu. Alikuwa ananitazama, na safari hii hacheki. Niliogopa, niliona aibu, na sikuwa na pa kukimbilia.

"Chapchap! Ardhi hiyo inakuja!"

"Shangazi, nishushe!" nikalia. "Mkanda wa paja haujafungwa! Kicheko alitaka kunikagua, mimi ndiye niliyemkataza!"

Benchi lilifika chini ya miguu yangu kabla sijamaliza kusema. Shangazi alinifungua kamba moja moja.

"Kesho hampandi ndege, nyote wawili," akasema.

"Lakini Kicheko hana kosa!"

"Analo. Amekusikia ukinidanganya, akanyamaza." Akashusha pumzi, akaketi kwenye benchi na kutuonyesha nafasi kando yake. "Umesema kweli mwishowe, basi Jumatatu mtaanza upya. Kusahau mkanda, wanangu, hata mimi nasahau. Ndiyo sababu tunakaguana. Lakini mimi siwezi kuona kila kitu. Leo nilikuwa na neno lako tu, na kwa kuliamini hilo nikakuondolea benchi."