Mtu wa Mbuzi

Asubuhi hiyo Kyeni hakuinuka. Siku zote mbuzi huyo ndiye aliyeamsha boma kwa kelele, akidai kufunguliwa. Leo alilala kando ya ua, masikio yameanguka, kamasi zikimtoka. Naye alikuwa na mimba kubwa.

"Kasiva, njoo uone," Mbula alimwita binti yake. "Huyu akifa, mtoto wako atakunywa chai ya rangi mpaka lini?"

"Usiogope, Mwaitu," Kasiva alimjibu mama yake. "Mwambie msaidizi."

Msaidizi alikuwa programu ya simu ya ushirika wa wafugaji wa Kyuso. Ukiongea naye anakujibu kama mtu, kisha anakutafutia unachohitaji. Kasiva, karani wa ushirika, ndiye aliyemwandikia maelezo ya kazi zake. Alijivunia sana.

Mbula akashika simu. "Mbuzi wangu ni mgonjwa. Nitumie mtu."

"Sawa, mama. Mtu yuko njiani."

Jua lilipopanda, pikapu ilisimama langoni. Akashuka Abdille, mnunuzi wa mifugo, kamba mkononi. Alikuwa na binti yake Filsan, ambaye hutengeneza programu za kompyuta.

"Abdille!" Mbula alishangaa. "Tangu lini umekuwa daktari?"

"Daktari gani, mama Kasiva? Nimeambiwa kuna mbuzi wa kuuza." Akamtazama Kyeni. "Ni huyu? Huyu hata wa bure simchukui!"

Kasiva aliinamisha uso kwa aibu. Abdille aliona, akaacha mzaha. "Watengeni mbuzi wengine kwanza, wasiambukizwe," alisema. Akampigia Kisilu, daktari wa mifugo. Kisilu alikuwa mbali, lakini aliahidi kufika alasiri.

Wakangoja. Mbula hakutaka wageni wake wangoje na njaa.

"Filsan mwanangu, nichotee ndengu kwenye gunia, kule stoo."

Filsan aliingia stoo, akatoka mikono mitupu. "Mama, magunia ni mawili, na yanafanana. Nichote lipi?"

"La ukutani! Hilo la mlangoni ni mbegu, lina dawa ya wadudu. Ungetumaliza sote!"

"Halijaandikwa kitu."

"Liandikwe nini? Kila mtu hapa anajua."

"Mimi si wa hapa, mama." Filsan alicheka. Kisha akamgeukia Kasiva. "Na msaidizi wenu pia si wa hapa. Hebu nione ulimwandikia nini."

Kasiva akafungua kompyuta yake. Kila kazi ambayo msaidizi angeweza kufanya iliitwa zana. Zana moja ilielezwa hivi: "Mtu wa mbuzi. Hutuma mtu wa mbuzi." Nyingine, ya kumwita daktari: "Huduma. Kuhudumia mifugo."

"Huyu mtu wa mbuzi ni nani?" Filsan aliuliza.

"Ni mnunuzi. Ofisini sote tunajua."

"Msaidizi hakai nanyi ofisini, dada. Anasoma maneno haya tu, halafu anachagua. Mama amesema mbuzi, amesema mtu. Wewe ungechagua ipi?"

Kasiva alimtazama Kyeni, aliyekuwa akihema kwa shida. "Ningechagua hiyo hiyo," alisema polepole.

"Basi mwandikie kama unavyomwelekeza mgeni jikoni. Zana inafanya nini? Itumike wakati gani? Isitumike wakati gani? Aulize nini kwanza?"

Kasiva akaandika: "Zana hii inamwita daktari wa mifugo aende kwa mfugaji. Itumie mnyama akiugua, akiumia au akishindwa kuzaa. Usiitumie mtu akitaka kuuza, au akileta habari tu. Kwanza uliza ni mnyama gani, ana dalili gani, na yuko kijiji gani. Usikisie."

Akaandika ya mnunuzi pia. Kisha wakamjaribu msaidizi.

"Mbuzi wangu ana shida," Kasiva alisema.

"Pole. Ni mgonjwa, au unataka kumuuza?" msaidizi aliuliza.

"Leo asubuhi hakuniuliza hivyo!" Mbula alisema.

Kisilu alifika, akamdunga Kyeni sindano. "Mngengoja hadi kesho," alisema, "ningekuta ngozi."

Kyeni alipona taratibu. Wiki chache baadaye, Mbula alishika simu tena.

"Kyeni amezaa mapacha!"

"Hongera, mama! Wako salama, au wanahitaji daktari?"

"Wako salama. Nilitaka tu ujue."

"Asante kwa habari njema. Basi simtumi mtu."

Kasiva alitabasamu. Mlangoni mwa stoo, gunia moja sasa lilikuwa na maandishi mekundu: MBEGU. INA DAWA. USIPIKE.

Mara pikapu ikasimama langoni.

"Wee! Huyu ametumwa na nani tena?" Mbula aliuliza, na Kasiva akaikimbilia simu.

Abdille alishuka. Safari hii hakuwa na kamba. Alibeba pakiti ya sukari.

"Hakuna aliyenituma," alisema. "Filsan ameniambia mmepata watoto. Hii ni ya chai ya maziwa. Lakini sina haraka, mama Kasiva. Mapacha washibe kwanza."