Kimezamaumivu

Kimezamaumivu kilikuwa na ukubwa wa punje ya mahindi, nacho kilipandikizwa kisogoni, chini ya ngozi. Mchezaji alipogongwa, kilidaka ujumbe wa maumivu kabla haujafika kwenye ubongo. Mfupa ungeweza kupasuka. Mwenye mfupa aliinuka, akatema nyasi, akarudi mstarini.

Hakuna aliyekitumia zaidi kuliko Lwitiko Mwakalinga, mzaliwa wa Tukuyu aliyekulia Omaha. Katika mpira wa Kimarekani alikuwa mkimbiaji: yule anayekabidhiwa mpira mkononi na kutumwa apenye ukuta wa wanaume wenye miili kama majokofu. Klabu ya Mbogo ilimpa mpira msimu baada ya msimu, kwa sababu kila alipoangushwa aliinuka. Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Siku moja akasahau jina la mtaa wake. Mbogo wakamwacha, na alipoomba matibabu, wakili wao akasema kifaa hakijawahi kuonyesha maumivu yoyote, kwa hiyo hakuna jeraha.

Mchana mmoja, akiwa bafuni, kifaa kilivuja. Goti la kushoto liliwaka moto, akaanguka akipiga mayowe hadi mkewe, Tumpe, akausukuma mlango kwa bega. Goti lilikuwa zima. Lakini Lwitiko alilijua pigo lile. Lilikuwa la mechi ya Denver, la miaka mingi nyuma, pigo ambalo hakuwahi kulisikia.

"Hayakufutwa," alimwambia Tumpe. "Yamo humu. Yote."

"Basi twende kwa daktari akitoe."

"Daktari ndiye aliyekitia. Aliniapia kwamba maumivu yanafutika. Sasa nataka ayaonje."

Daktari huyo alikuwa Hosiana Mrema, Mtanzania mwenzao, mbunifu wa kifaa. Lwitiko hakwenda mahakamani. Alisubiri, huku akijifunza amri za kukifungua. Nafasi ikaja Mbogo walipozindua toleo jipya: watu wawili wenye vifaa, hata vya zamani, wakishikana mikono, hisia za mmoja zingepita kwa mwingine, ili kocha ajue hali ya mchezaji wake. Dk. Mrema alijipandikizia yeye mwenyewe la kwanza, akamwalika Lwitiko, nyota wa zamani, waonyeshe pamoja.

"Maumivu yatapita kwenye mishipa yako kwanza," Tumpe alimwonya. "Mwili wako hautahimili."

"Najua."

"Unajua, na bado unakwenda?"

Lwitiko alikuwa akifunga tai, na vidole vilikuwa vikimkatalia.

Ukumbi ulijaa. Vijana waliosajiliwa msimu ule walikaa safu ya mbele, visogo vimenyolewa tayari.

"Shikamoo, dada," Lwitiko alisema jukwaani, akinyoosha mkono.

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu sana." Daktari aliushika mkono akitabasamu kwa ajili ya kamera.

Lwitiko akanong'ona amri ya kukifungua kifaa.

Daktari alianguka kama aliyekatwa mguu. Lwitiko naye alipiga magoti, meno yameumana, lakini hakumwachia.

"Hilo ni la Denver. Uliniambia ni mchubuko."

"Zima! Lwitiko, nakuomba, zima!"

"Mimi nilikuomba nipigwe picha ya kichwa. Ulisema niende nikacheze."

Akaachia pigo la pili, kisha mengine, ya mbavu, ya shingo, ya kichwa yakifuatana. Kila daktari alipolia, Lwitiko alisikia utamu ambao ushindi wowote uwanjani haukuwahi kumpa. Kijana mmoja wa safu ya mbele alisimama akatoka, mkono kisogoni. Wengine wakamfuata.

Tumpe alipanda jukwaani. "Mwachie."

"Bado."

"Uso wako, Lwitiko. Umelegea upande mmoja."

Alitaka kusema jambo, maneno yakatoka kama uji. Hapo alitaka kumwachia kweli, ila vidole havikumtii tena. Tumpe alivibandua kimoja kimoja, na Lwitiko akalala chali, jicho moja likitazama taa.

Wasaidizi walimkimbilia daktari. Akawasukuma. Alitambaa, akiburuta mguu ambao haukuwa na jeraha lolote, hadi alipomfikia Lwitiko. Akamgeuza ubavu, akaiinua shingo yake taratibu kwa viganja viwili, mahali pale pale, akawakemea waliotaka kumshika kwingine.

Katika ukumbi mzima, ni yeye peke yake aliyejua panapouma.